Mkojo Uliopanda Ukutani

Mama Jiwe hakuzaliwa na hilo jina. Mafundi wa ujenzi ndio walimbandika, na walikuwa na sababu mbili. Kwanza, kazi yake ni kusafisha sakafu za mawe, marumaru hasa, tangu hana mvi hata moja. Pili, wanasema ukimuudhi utatamani ungegongana na ukuta. Hasira zake hazipigi hodi, zinaingia na viatu.

Vinavyomuudhi ni vingi, ila siki inaongoza. Ukimwagia marumaru siki, anaumia kama umemmwagia yeye jichoni. Zamani alikuwa mfagizi wa hoteli, meneja akamwamuru asugue ukumbi kwa ndimu na siki ili unukie. Akasema, bosi, hii itaunguza jiwe. Akajibiwa fanya kazi, acha kufundisha watu. Kufika jioni ukumbi umepauka kama goti la mtoto aliyecheza vumbini. Aliyefukuzwa nani? Meneja? Thubutu! Toka hapo, akisikia mtu anasingiziwa jambo la sakafu, damu inamchemka.

Sasa Jumatano moja kaitwa kwenye nyumba moja kubwa, marumaru nyeupe kuanzia mlangoni. Mama mwenye nyumba kampokea amekumbatia paka dume la kijivu, zito kama mtoto wa mwaka mmoja.

"Huyu ni Jenerali," akasema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mume.

Kumbe mume naye yupo, kakaa mezani na kompyuta yake, anaitikia salamu bila kuinua macho.

"Chumba ni kile cha mwisho, cha mama mkwe," mwenye nyumba akaendelea. "Kinanuka mkojo, dada, mpaka aibu. Kila asubuhi namwaga siki, namwaga dawa ya choo, namalizia na ile ya kusafishia vioo. Wapi! Kesho yake harufu imerudi. Basi, Jumamosi tunampeleka kwenye nyumba ya wazee. Kule wameshawazoea watu wa namna hiyo. Wewe toa harufu tu, tukigeuze cha wageni."

"Watu wa namna gani?"

"Wanaojikojolea, jamani. Mpaka nikutajie?"

 Siki ilishamuudhi Mama Jiwe, na hili likaja juu yake. Akabeba ndoo zake akaenda.

Chumbani kamkuta bibi mmoja mwembamba, msafi, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Amekaa kitandani, na kitanda wamekivisha nailoni, kila akijisogeza inalia kwacha, kwacha. Kwenye stuli kuna pakiti ya nepi za watu wazima, haijafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kufua sakafu au kunifua mimi?"

"Sakafu, mama."

"Anza basi. Mimi nimeshafuliwa humu ndani, nikaanikwa mpaka kwa majirani."

Mama Jiwe akapiga magoti. Marumaru ya watu imejaa mabaka, siki imekula mng'aro wote, ukipitisha kiganja unasikia mikwaruzo kama ulimi wa ng'ombe. Akauliza bila kugeuka, "Mama, usinichukie. Ni wewe?"

"Siyo mimi. Nimesema mpaka ulimi umenikauka. Unajua kinachoniua? Mwanangu wa kumzaa hanibishii. Ananiangalia kwa huruma. Heri angenitukana."

 Mama Jiwe alikuwa ameshainamisha pua, anaifuata harufu kigae kwa kigae. Kando ya kitanda, hakuna. Mlangoni, hakuna. Harufu ikampeleka mpaka kona ya dirishani, nyuma ya pazia refu. Akalivuta.

Ukutani, kwenye ukanda wa marumaru unaozunguka chini ya kuta, michirizi ya njano imetiririka kutoka juu kwenda chini. Akapima kwa mkono. Shubiri mbili kutoka sakafuni. Kwanza akacheka. Halafu hasira ikaingia na viatu.

"Mama mwenye nyumba! Na wewe bosi! Hebu njooni huku!"

Wakaja, mke na Jenerali wake mbele, mume nyuma.

"Bosi, mama yako ana miaka mingapi?"

"Themanini na moja. Kwani vipi?"

"Magoti yake mazima?"

"Hapana, yote mabovu."

"Haya, nieleweshe mimi nisiyesoma. Mama wa miaka themanini na moja, magoti mabovu, ameingia nyuma ya pazia, amegeuzia ukuta mgongo, amenyanyua mkia, amerusha mkojo shubiri mbili juu. Ndivyo mlivyokubaliana humu ndani?"

Bibi kitandani akapasuka kicheko mpaka nailoni ikaitikia.

"Jenerali anatumia sanduku lake la mchanga!" mke akaja juu. "Ana cheti!"

"Cheti cha nini? Cha kukojoa?"

"Dada, chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga toka mlangoni, sasa umechoka! Siki yako imelichubua jiwe, limekuwa kama sponji, linakunywa kila kinachomwagwa. Na hiyo dawa yako ya vioo inanuka kama mkojo wa paka mwingine. Jenerali akiisikia anadhani mgeni ameingia kwake, anakuja kuweka sahihi yake juu. Wewe mwenyewe unamwalika kila asubuhi, halafu unamnunulia mkweo nepi!"

Mume akajikuna shingo. "Labda ni maji ya mvua..."

"Bosi, mvua inanuka hivi? Inama unuse." Hakuinama. "Sawa. Mimi napaka dawa, nafunga mlango. Paka asiingie. Mama atalala humu humu, bila nepi. Kesho nikikuta pananuka, mpelekeni mnakotaka, na mimi mnipeleke naye."

Akaosha ile kona kwa maji ya moto na sabuni isiyo kali. Akachanganya unga wa chaki na ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu, ukawa kama uji mzito. Akaupaka unene wa kidole, ukutani na chini, akaufunika kwa nailoni aliyoitoboa matundu madogo ili ukauke taratibu huku ukinyonya uchafu. Nailoni akaivua pale kitandani. "Hii ilikuwa imekaa mahali pasipo pake," akasema.

Alhamisi asubuhi akarudi. Mlango wa chumba umefungwa kama alivyouacha, ila kwa nje, kwenye fremu, kuna mchirizi mbichi. Akapima kwa mkono mbele ya mume. Shubiri mbili.

Ndani hakuna harufu ila ya sabuni. Shuka kavu. Bibi amekaa kitandani, mikono mapajani, amevaa nguo ya kutokea. Mama Jiwe akaubandua ule uji uliokauka, umegeuka njano kama kiini cha yai, akampa mume kipande kiganjani.

"Nusa."

Safari hii alinusa. Uso ukamshuka. "Paka," akasema kwa sauti ndogo. Kule sebuleni, Jenerali peke yake ndiye aliyekuwa anaongea.

"Mama, nisamehe," mume akasema, bado amesimama mlangoni. "Nitawapigia wale watu nifute ile safari ya Jumamosi."

"Utapiga lini?"

"Baadaye, mama, nikimaliza..."

"Piga sasa. Hapa hapa. Nisikie."

Akatoa simu.  "Halo... ndiyo, ni mimi. Kuhusu Jumamosi, hatutakuja. Mambo yamebadilika kidogo..."

"Mambo gani?" bibi akauliza.

"Mama, jamani."

"Ulipowapigia mwanzo uliwaambia nimefanya nini? Uliwaambia mambo?"

Mama Jiwe akashika brashi, akaanza kusugua ile kona kwa nguvu, huku masikio yote yako nyuma.

"Aa... niliwaambia mama yangu anajikojolea," mume akasema kwenye simu. "Si kweli. Ni paka. Mama yangu nilimsingizia."

"Hawajasikia," bibi akasema. "Huyu anasugua sana. Rudia."

Mama Jiwe akaweka brashi chini.

Mume akarudia.