Nilipeleka Simu ya Mama Mkwe Dukani, Shemeji Yangu Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa na akili zangu timamu, mchana kweupe.

Mie naishi Yombo, Temeke. Naoka keki nyumbani: za besdei, za kipaimara, za sendofu za kuaga mabibi harusi. Mume wangu, Baba Neema, ni dereva wa lori, anaenda mpaka Tunduma na kuvuka mpaka. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mie, binti yetu mdogo Neema, mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Singida kutibiwa macho, na Elia, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa anasubiri kazi.

Biashara ya keki siku hizi ni picha, jamani. Mteja haonji, anaangalia stetasi yako. Na simu yangu ilikuwa imepasuka kioo, kamera ina ukungu. Keki nyeupe inatoka ya kijivu kama imemwagiwa majivu. Siku moja mwoka keki mwenzangu wa mtaa wa pili akanitumia ujumbe: "Shoga, hiyo keki au tofali?" Akaweka na vicheko. Iliniuma! Wateja wangu walikuwa wanahamia kwake, naona.

Basi nilienda Buguruni kununua mayai. Pale kituoni kuna duka la simu, spika imewekwa nje: chukua leo, lipa polepole! Nikaingia. Nilijidanganya naangalia tu.

"Dada, usiogope," msichana wa duka akaniambia. "Unalipia kidogo kila siku, kama hela ya vitumbua. Kampuni ya simu yenyewe inakuchangia, mradi ubaki kwenye laini yao. Na bando juu."

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Na jumla yake inafika shilingi ngapi?"

Msichana akacheka. "Mama nawe! Usiangalie jumla, angalia ya leo."

Yule mama akaguna, akaondoka zake. Mie nikabaki. Nilikuwa nimeshaishika ile simu mkononi, nimeshapiga nayo picha ya barabara, nimeona rangi zilivyo. Nani angeniondoa pale?

Tatizo likawa kianzio, ile hela ya kutanguliza. "Una simu ya zamani?" akaniuliza. "Tunaipokea, tunakupunguzia." Nikampa yangu. Akaigeuza mara moja tu, akanirudishia. "Hii hapana, dada. Lete yenye kioo kizima."

Nyumbani palikuwa na simu moja tu yenye kioo kizima. Ilikuwa ya mama mkwe.

Baba Neema alimnunulia ile simu, kioo kipana, ili na macho yake yale aweze kumwona akipiga akiwa safarini. Kila jioni akishapaki lori anapiga. Mama anaishika karibu na pua kabisa, anamuuliza, "Umekula, baba?" Halafu anacheka peke yake. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za kwaya yao ya Singida, na picha za marehemu baba mkwe. Nilijua yote hayo! Msifikiri sikujua.

Siku iliyofuata Mama alienda kusali jumuiya. Elia aliichomeka ile simu chaji pale sebuleni, akatoka kwenda kuoga bafu la nje. Nilimkuta akiichomeka, nikamwona kwa macho yangu. Alivyofunga tu mlango wa bafu, nikaichomoa, nikaitia kwenye mkoba chini ya kanga. Njiani nikatoa laini nikaitupa kwenye mtaro.

Nilijiambia, nitamnunulia nyingine nzuri kuliko hii. Keki mbili tatu tu.

Dukani wakaifuta mbele yangu. Kile kimstari kilitembea kwenye kioo mpaka kikaisha, na mie nimesimama naangalia. Wakaniuliza namba ya mtu wa karibu. Nikataja ya Baba Neema, maana ndiyo pekee niliyoijua kwa kichwa. Niliona ni utaratibu tu, nani atampigia?

Nikarudi na simu mpya. Nikaifunga kwenye mfuko, nikaizika ndani ya ndoo ya unga jikoni.

Jioni Mama akaanza kupapasa. Chini ya mto, kwenye kochi, kwenye mfuko wa gauni. "Elia, simu yangu umeiweka wapi?" Elia akasema aliiacha kwenye chaji. Wakatafuta wote wawili. Na mie nikajifanya natafuta! Nikainua magodoro, nikafagia chini ya kabati. Yaani nikifikiria hilo la kufagia ndilo linanichoma kuliko yote.

Baba Neema alipokosa kumpata mama yake akanipigia mie kwenye simu yangu ile ya kioo kilichopasuka. Nikamweleza kuwa simu haionekani.

"Nani alikuwa ndani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema tu, Baba Neema, nimekosa. Badala yake nikasema, "Mie nilikuwa nimetoka. Aliyebaki ni Elia."

Kila neno hapo lilikuwa kweli, ndugu zangu. Nilimmaliza mtoto wa watu kwa maneno ya kweli.

Kwa sababu Elia alikuwa na doa. Mwaka uliopita alichukua hela ya umeme akaenda kubeti, mtaa mzima ukajua. Alishaomba msamaha, akaacha kabisa, lakini nani alitaka kukumbuka kwamba ameacha?

Habari haikai uani. Wapangaji wenzetu wakajaa, mjumbe wa mtaa akaitwa, na Baba Shabani, jirani yetu fundi magari, akaja na wenzake. Na yeye alikuwa ameshaibiwa mara mbili, ana hasira zake. Wakamkalisha Elia chini kwenye saruji.

"Umeuza wapi?"

"Sijauza, braza. Sijaichukua."

"Umebeti tena, eeh?"

Kofi la kwanza. Elia akaniangalia. "Shemeji, wewe si ulinikuta naichomeka chaji? Waambie basi!"

Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Mie sijui, Elia. Nilikuwa na haraka zangu."

Kofi la pili, la tatu. Yalikuwa makofi ya mtu anayezungusha spana kutwa nzima. Mama akawa analia, "Msimuue mwanangu, mwacheni, simu basi!" Mjumbe anapiga kelele waache, hawasikii.

Halafu mmoja akasema, "Tupekue nyumba nzima. Kaificha humu humu huyu."

Wakaingia sebuleni, wakaingia chumbani kwa Elia, wakamwaga begi lake. Nawasikia wanavyosogea. Mmoja ameshashika pazia la jikoni. Ndoo ya unga iko pale pale, mfuniko haujafunga vizuri!

Mama mkwe akajikongoja, akaweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Jikoni msiingie. Humo ni kwa mkwe wangu. Huyu ni mtu mwaminifu, ndiye ananishika mkono kwenda hospitali."

Wakageuka. Wakatoka.

Elia aliondoka kesho yake asubuhi. Kaka yake alimwambia kwa simu asimkute pale akirudi. Alipita mbele yangu na lile begi, sikio limevimba. Na ile kazi aliyokuwa anasubiri ilikuwa ya utingo, kwa bosi wa mume wangu huyo huyo. Bosi akasikia. Akasema mwizi hawezi kulinda mzigo wake barabarani. Basi, ikaishia hapo.

Na mie? Nikasubiri kidogo, nikaitoa simu kwenye unga, nikasema nimepata zamu yangu ya kupokea hela za kikoba. Waliniamini! Nikapiga picha. Keki zikang'aa. Wateja wakarudi, wengine mpaka wa Mbezi. Kwa muda nililipia kila siku bila shida, nikawa najisemea ni wiki hii namnunulia Mama simu, ni wiki hii. Wiki hiyo haikufika, maana kila nikipata, ile simu imeshadai ya kwake.

Ikaja Kwaresima, na Ramadhani ikaangukia humo humo. Sherehe zikakata zote. Nani anafanya sendofu watu wamefunga? Nikaanza kulegalega. Leo nimelipa, kesho imefungwa. Ikifungwa, haikupi picha, haikupi meseji, ni maandishi tu kwenye kioo: fanya malipo. Nikawa naamka naiangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Baada ya Pasaka nikapata oda kubwa, keki ya sendofu, ghorofa tatu, Kipawa. Nikanunua vitu kwa kila nilichokuwa nacho. Nikasema nikilipwa salio namaliza malimbikizo yote. Nikapanda bajaji na keki, nimeipakata. Tumefika Kipawa, nafungua simu nimwelekeze dereva ukumbi ulipo, kioo kikageuka. Imefungwa!

"Tunakwenda wapi, sista?" dereva ananiuliza.

Sijui! Ramani iko ndani ya simu. Namba ya mteja iko ndani ya simu. Hata hela ya kuifungulia iko ndani ya simu. Tukazunguka, tukauliza kila ukumbi, jua linawaka, krimu inateremka mikononi mwangu. Tulipopata penyewe, sherehe ilikuwa imekwisha, bibi harusi ameshapanda kwenye gari kuondoka. Mama yake aliangalia ile keki iliyolalia upande, akaniangalia mie. "Hata simu hupokei?" Salio sikupewa, na ni haki yao.

Siku chache baadaye, watu wa madeni wa lile duka wakampigia mtu wangu wa karibu.

Baba Neema hakunipigia. Aligeuza safari, akatokea nyumbani mchana bila taarifa. Sikumsikia hata kuingia, nilimwona tu amesimama mlangoni, viatu vina vumbi. Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele kwa vidole.

"Shikamoo, Mama." Halafu akanigeukia. "Mama Neema, kuna mtu kanipigia. Anasema una deni la simu. Nikamwambia amekosea. Akasema hajakosea, na kwamba kianzio ulileta simu nzima ya zamani. Akanitajia na aina yake."

Nilitaka kukimbia.

"Simu ya Mama iko wapi?"

Nikapiga magoti. Nikasema yote, tangu chaji mpaka ndoo ya unga. Nilipofika kwenye makofi ya Elia, mume wangu akatoka nje. Nilisikia anatapika.

Mama aliendelea kuushika ule mchele. Hakunitukana. Heri angenitukana! Alisema tu, "Ungeniomba, mwanangu, ningekupa." Kabla ya Jumapili akahamia kwa binti yake Ukonga.

Elia tulimkuta Vingunguti, anabeba nyama machinjioni. Nilimwita kwa nyuma, nikamwita tena, hakugeuka. Mpaka kaka yake alipomgusa bega. Nikaanza kuomba msamaha, nalia, na yeye akanikatisha. Akageuza kichwa.

"Njoo upande huu, shemeji. Huo hausikii tena."

Nilizunguka. Nilirudia kuomba msamaha kwenye sikio linalosikia. Akasema, "Samahani ya hapa Vingunguti haina faida kwangu. Nenda kaseme pale uani, mbele ya wale wale."

Nilikwenda. Mjumbe aliwakusanya watu jioni ile, jua bado lipo. Nikasimama pale kwenye saruji nikasema kwa mdomo wangu: mwizi ni mimi. Wanawake walishika midomo. Baba Shabani alikuwa amekaa kwenye tairi, akainuka, akaangalia kiganja chake cha kulia kwa muda mrefu, akaenda kwake akafunga mlango. Elia alisimama getini. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani ataingia ndani ale na sisi, mezani nilikuwa nimeshaandaa. Akamwambia kaka yake, "Sasa hapo nimesikia." Akaondoka.

Ile simu wenye duka wameshaichukua. Nilichokuwa nimelipa kilikaribia bei yake ya taslimu, na bado nikaambiwa nadaiwa! Nilipouliza inakuwaje, nikaambiwa jumla ilikuwepo tangu mwanzo, sikuiuliza mwenyewe. Kweli. Baba Neema anarudi safari, anakula, analala chumba cha mama yake. Keki mtaani hapa hakuna anayenunua. Mume wangu anampeleka Elia hospitali ya masikio, mie siruhusiwi kwenda nao, na siwezi kudai niende.

Wenzangu, simkatazi mtu simu nzuri. Lakini kabla hujasema ndiyo, uliza inaishia shilingi ngapi, uliza ikifungwa utakuwa wapi, na kama kianzio huna, rudi nyumbani na simu yako mbovu. Na kama umeshakosea, umeshamchukulia mtu chake, basi sema leo, kabla hajaulizwa mwingine. Aibu yangu ya siku ile ingekuwa ya watu wanne ndani ya sebule. Niliyoichelewesha, Elia ndiye aliyeilipia, na hana pa kwenda kurudishiwa.