Salfa Kwenye Feni ya Hita

Pikapu yangu ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, kwa hiyo ina hita. Kwetu, mbele kidogo ya Madimba, hakuna aliyewahi kuomba joto zaidi ya lile analopewa na Mwenyezi Mungu, na wenzangu msikitini walinitania sana. Lakini ukiizima hita yenyewe na kuiacha feni, unapata upepo bila joto. Na ukifunga njia ya hewa ya nje, vumbi haliingii. Upepo huo niliuhitaji kwa ajili ya mke wangu.

Alikuwa na pumu tangu ujana, na miaka ya mwisho ikamzidi. Kila baada ya wiki mbili nilimpeleka kliniki mjini Mtwara. Kiangazi, vumbi la barabara yetu halikuruhusu kufungua vioo, na ukivifunga gari linakuwa tanuri. Basi nikawa na desturi. Nikishamketisha, nageuza ufunguo nusu, nasema bismillahi, nawasha feni kabla hata ya injini. Yeye huweka kiganja mbele ya tundu la hewa, kisha hunitazama. Nilidhani ananishukuru.

Mwaka ule feni ilianza kusumbua katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho. Kwanza ilikataa namba moja, mbili na tatu, ikawa inazunguka kwa namba nne tu, kwa kelele. Kisha asubuhi ya kliniki ikanyamaza kabisa. Nikaangalia fyuzi, ilikuwa nzima. Nikavua kiatu, nikagonga chini ya dashibodi upande wa miguu ya mke wangu. Ikazunguka kidogo, ikakata.

"Iache, Maalim," alisema. Aliniita hivyo tangu nilipoanza kufundisha watoto Kurani, hata tukiwa wawili tu. "Imechoka. Nayo ina haki yake."

"Na wewe utapumuaje?"

"Kama wanavyopumua watu."

Akalowesha mtandio, akajifunika pua na mdomo, tukashusha vioo. Tulifika mjini wekundu kwa vumbi. Lakini siku zilizofuata kikohozi chake kikavu kilipungua, na asubuhi moja nikamkuta jikoni anasonga ugali wa muhogo mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Nikamshukuru Mungu, na sababu nikaona ni dawa mpya.

Hata hivyo, sikutaka kumpandisha tena kwenye gari lisilo na feni. Nikaenda Mikindani kwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa makamo anayefanyia kazi kwenye kivuli cha nyumba ya mawe isiyo na paa.

"Shikamoo, Maalim. Gari lina nini?"

"Marahaba. Feni ya hita."

Akaweka bisibisi chini. "Hita. Hapa Mikindani. Kwani ule moto wa Jehanamu mnaotuhadithia ninyi maalim kila Ijumaa hautoshi?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walicheka, nami nikacheka.

Alikuwa fundi mwenye subira, asiyebadilisha kitu kabla ya kukijua. Alinieleza kwamba namba za chini zikikufa na ya juu ikabaki, kilichoungua ni kipande kinachopunguza umeme. Lakini sasa feni imekufa yote, kwa hiyo tujue kwanza kama umeme unafika. Akachomoa plagi, akagusa nyaya kwa taa ya kupimia. Ikawaka.

"Umeme upo. Ugonjwa uko ndani ya mota yenyewe."

Akajikunja chini ya dashibodi, akafungua skrubu tatu, akaishusha feni na kuiweka juu ya gunia.

Ilikuwa ya njano. Unga wa njano ulikuwa umejaa kati ya mapanga yake yote, mwingine umeganda kwa unyevu, na shaba ya ndani ilikuwa imeliwa ikawa nyeusi. Fundi akainusa, akapiga chafya. Hakutania tena.

"Maalim, salfa huwa unaiweka wapi?"

Salfa ni dawa ya unga tunayopulizia mikorosho ili ukungu usiue maua. Mfuko ukishafunguliwa hatuuachi nyuma ya pikapu, upepo utaupeperusha. Kijiji kizima tunaufunga kamba na kuuweka ndani, penye miguu ya abiria. Katika gari langu, mdomo ambao feni inavutia hewa uko hapo hapo, ukawa unavuta unga uliomwagika, na njia ya hewa ya nje nilikuwa nimeifunga kwa mkono wangu. Misimu mitatu nilimpulizia mke wangu salfa kifuani, na kila mara nilitanguliza bismillahi.

Fundi akaweka mota nyingine, iliyotolewa kwenye gari bovu, na kipande kizima cha kupunguza umeme. Akaosha njia yote ya hewa. Feni ikazunguka kwa namba zote nne.

Njiani nilifikiria kunyamaza. Daktari alikwisha kutuambia kwamba mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa. Fundi ni msiri. Lakini kwa miaka mingi nimefundisha watoto kwamba ukimdhulumu mja, msamaha huombwa kwa mja mwenyewe, angali hai. Naye hakuwa na siku nyingi.

Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikakaa chini, nikamweleza yote. Vidole vyake havikusimama.

"Nilikuwa naisikia harufu," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Nikafikiri ni nguo zako za shamba. Baadaye nikajua siyo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaiwasha kabla ya injini, Maalim. Ningeanzia wapi?"

Nikamwomba anisamehe. Akaweka ukili pembeni.

"Nimekusamehe, duniani na akhera. Umenipulizia misimu mitatu kama mkorosho, na korosho sijazaa hata moja."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita.

Alifariki kabla korosho za kwanza hazijaanguka. Nilimuuliza daktari. Akasema ugonjwa ulikuwa wa zamani, na kilichouongeza hawezi kukipima. Ijumaa moja niliwasimulia wenzangu msikitini. Wengine wameitoa mifuko yao ndani ya magari, wengine bado.

Pikapu ninayo. Juzi nilimpeleka dada yangu kliniki kwa ajili ya macho. Nikageuza ufunguo nusu, mkono ukaenda wenyewe kwenye feni. Ikazunguka taratibu kwa namba moja. Nikainama mbele ya tundu la hewa.

"Unanusa nini, kaka?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. Nikanusa tena, kisha nikawasha injini.