Jenereta Iliyokaa Matanga

Oyelaran, fundi wa kusuka mota na jenereta pale Mokola, Ibadan, hajui kukaa. Hata amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, anaila amesimama, na mkewe husema siku atakayotulia ndiyo watakayomzika. Yeye hujibu kwamba umeme nao ndivyo ulivyo: sumaku ikizunguka karibu na nyaya za shaba, umeme unazaliwa ndani ya nyaya; ikisimama, hupati hata wa kuwasha balbu.

Asubuhi moja miguu ilimwasha kupita kawaida. Umeme wa mji ulikatika alfajiri, na Iya Morenike, yaani Mama Morenike, mjane anayeangua vifaranga, alikuwa na mayai elfu mbili kwenye mashine, yamebakiza siku tatu kuanguliwa. Yakipoa, basi tena. Oyelaran alipofika kwake, alikuta jenereta inanguruma vizuri tu, lakini taa haiwaki.

Majirani wakashauri nyaya zikatwe zote, zisukwe upya. Kazi ya siku mbili! Oyelaran aliizima, akashika koleo, akaliweka, akalishika tena. Mwaka jana alikurupuka hivyohivyo akakata shaba nzima isiyo na kosa, na aibu ile haijamtoka. Akaizunguka jenereta mara tatu akiinusa. Haikunuka kuungua.

"Mama, kabla ya leo, mara ya mwisho uliiwasha lini?"

"Siku tuliyomzika Baba Morenike. Si huyo hapo uani? Ningempigia makelele juu ya kaburi lake? Nikasema nyumba ikae kimya mwaka mzima. Mayai haya ndiyo ya kwanza tangu hapo."

Hapo Oyelaran akaelewa. Chuma cha ndani hubaki na usumaku kidogo kila jenereta inapozimwa, na huo mdogo ndio unaoanzisha umeme inapowashwa tena. Ikikaa mno, usumaku unapotea. Hapo hata izunguke kutwa, haitoi kitu.

Akachomoa betri ya pikipiki yake, akagusisha nyaya zake mbili kwenye brashi za jenereta, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ili chuma kipate usumaku tena, akahesabu hadi tano, akazitoa. Akavuta kamba ya kuiwashia. Taa ikawaka, na feni za mashine ya mayai zikaanza kuzunguka.

Iya Morenike hakushangilia. Aliketi kwenye ukingo wa kaburi, machozi yakamtoka.

"Ndivyo ilivyokuwa ikinguruma akiwepo," akasema. "Na mimi nimemnyima mlio huo mwaka mzima."

Oyelaran akaketi kando yake, na hakuinuka mpaka umeme wa mji uliporudi.