Mkono wa Pole wa Shemeji

Wanaosema kwamba shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alifukuzwa kazi maabara, wanasema wasichokijua. Katika ukoo huu hajafukuzwa mtu.

Kazi yake ilikuwa kuwadunga mbwa dawa za mshipani za kutuliza mapigo ya moyo, ili ijulikane iwapo zinaangusha presha kabla hazijapewa wagonjwa. Mbwa walimpenda. Mmoja, jike la kijivu aliyemwita Mwenzangu, kila alipomwona na sindano alimnyoshea mguu mwenyewe.

Dawa zilikuwa mbili: ya zamani, ambayo kila daktari anajua kwamba ikisukumwa haraka inaangusha presha, na mpya, iliyosifiwa kuwa salama. Majibu yakatoka kwamba zote ni salama. Mkuu wa maabara hakuamini. Akaja kusimama nyuma ya shemeji, akamwona anavyosukuma dawa kidogo kidogo, kama anayemlisha mtoto uji.

"Bwana Pole, unadunga au unabembeleza?"

"Haraka inawaumiza, daktari."

"Mgonjwa anayekata roho hadungwi hivyo. Huruma yako imetuharibia majaribio yote. Kesho unarudia, dawa ya zamani, kwa haraka, na unaanza na huyo kipenzi chako. Hutaki, acha funguo mezani."

Jioni alikuja kwangu, akakaa bila kuvua koti.

"Shemeji, yule atanifia mkononi."

"Mbwa hufa. Kaka yako alituachia jina safi, wewe unataka kulichafua kwa ajili ya mkia?"

"Ananipa mguu mwenyewe, shemeji."

"Basi kazi imekuwa nyepesi."

Akainuka, akaniaga kwa heshima. Ana adabu, hilo simnyimi.

Asubuhi Mwenzangu alimnyoshea mguu. Shemeji akasukuma dawa yote kwa mkupuo mmoja. Mstari wa presha kwenye skrini ukaporomoka, haukuinuka tena. Mbwa alimtazama yeye, si sindano, mpaka macho yakaganda.

"Haya ndiyo majibu," mkuu akasema. "Lete mwingine."

Akamleta.

Dawa mpya haikuangusha presha hata iliposukumwa haraka, ikapitishwa. Shemeji yuko pale pale hadi leo, na hakuna mwenye mkono mwepesi kumshinda. Mbwa wa siku hizi hawamnyoshei mguu, hufungwa kamba. Akija kula kwangu, wajukuu wakamkimbilia, yeye hutia mikono mfukoni.

Lakini kufukuzwa, hakufukuzwa.