Mishikio Mitatu ya Ndoo

Mzee Kutu hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alibatizwa na mafundi, kwa sababu kila akichimba msingi wa nyumba lazima atoke na kitu kilicholiwa na kutu: kijiko, bawaba ya mlango, jembe lisilo na mpini. Wachimbaji wengine hukirusha pamoja na udongo, yamekwisha. Yeye hukipangusa kwa kiganja, akakiweka ukingoni mwa mtaro, palepale kilipotokea, na hakiondoi mpaka kazi iishe. Ukimuuliza sababu atakwambia, "Nataka kujua nachimba kwa nani." Baadaye huvipeleka nyumbani, na mkewe keshachoka kulalamika kwamba siku moja watalala nje ili vyuma vilale ndani.

Basi, muuguzi mmoja mstaafu alimwita achimbe msingi wake. Mama wa watu alikuwa ametia kiinua mgongo chote kwenye nyumba ile. Hana mume, hana mtoto wa kumkimbilia. Nyumba ikipasuka, ndiyo basi tena, na mafundi wote walilijua hilo, maana kila asubuhi alikuja na chupa ya chai akawamiminia kwa mkono wake.

Siku ya tatu, kwenye kona ya nyuma, Mzee Kutu akakuta mshikio wa ndoo. Akauweka ukingoni. Akachimba kidogo, mshikio wa pili. Chini yake, wa tatu, na kando yake kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Akaacha sururu akamwita fundi mwashi.

"Fundi, hapa zege lisimwagwe. Ndoo moja inaweza kutupwa popote. Tatu mahali pamoja, na kapi? Hapa watu walikuwa wanateka maji. Kuna kisima chini."

"Mzee, leo tena?" Fundi akacheka. "Kokoto zimefika, mashine inazunguka, wewe unanionyesha vyuma chakavu!"

"Mshukuruni Mungu ni ndoo," kibarua mmoja akadakia. "Angekuta kitana tungeambiwa chini kuna saluni!"

Wakaangua kicheko. Fundi akamwambia atoke mtaroni, la sivyo akusanye vifaa vyake na asirudi tena. Mzee Kutu hakutoka wala hakukusanya. Alikaa kitako mlemle ndani, mtu mzima na mvi zake, akakunja mikono.

"Mwageni basi. Mnizike humu."

Jamani! Nusu saa nzima wakabembeleza, wakafoka, mzee hasikii la mtu. Muuguzi alipofika na chai yake akakuta mashine imezimwa na mchimbaji amesusa. Akaelezwa. Yeye hakucheka.

"Mgonjwa akiniambia hapa panauma, simbishii," alisema. "Napapasa kwanza. Hebu papaseni."

Mzee akavutwa juu, mtaimbo ukaletwa. Wakapiga mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mtaimbo ukawaponyoka mikononi, ukapita kwenye udongo ukaenda zake. Halafu, mbali kule chini, chubwi!

Walipofukua kwa tahadhari walikuta mbao zilizooza, na chini ya mbao shimo jeusi. Palikuwa ni pale pale mzee alipokuwa amekaa.

"Mama yangu!" Fundi akashika kichwa. "Mzee, nisamehe. Haraka ziliniponza."

"Nimekusamehe," Mzee Kutu akajibu, akichungulia shimoni. "Lakini ningejua nimekalia nini, ningesusa nikiwa nimesimama."

Muuguzi alimshika ule mkono wenye tope, akataka kusema asante, machozi yakamtangulia. Ramani ikasogezwa upande wa barabarani, kisima kikafunikwa inavyotakiwa, nyumba ikapanda.

Siku ya kuhamia, muuguzi aliagiza Mzee Kutu aje na mkewe. Mzee alivaa shati la kutokea, akafika, akaganda mlangoni.

"Pita, kaka. Mbona unasimama?"

Kumbe miaka thelathini na minane ya kuchimba misingi, hakuwahi kuingia hata nyumba moja kati ya alizozianzisha. Mchimbaji huondoka kuta hazijafika magotini, na siku ya kuhamia nani anamkumbuka? Akavua viatu. Akapita chumba hadi chumba, akigusa kuta, mkewe nyuma akimnong'oneza asichafue rangi. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Akatazama dari muda mrefu.

"Kwa hiyo," alisema, "huwa zinakuwa hivi."

Kisha akageuka. "Asante, sista. Asante sana."

Na muuguzi, aliyekuwa akipanga maneno yake ya shukrani tangu alfajiri, akachukua chupa ya chai, akammiminia kwa mkono wake.