Vyungu vya Mama Mbele ya Ofisi

Fundi anayekarabati ukuta wangu amemwaga maji juu ya udongo mwekundu, na harufu yake imenirudisha enzi za ukoloni, kwenye barabara ya Masisi, mbele ya ofisi ya wazungu. Hapo mama yangu aliuza vyungu alivyofinyanga mwenyewe, nami nilikaa karibu naye nikivipangusa vumbi kwa majani ya mgomba.

Asubuhi moja polisi alikuja. "Mama, ondoka. Bazungu banasema barabara inapaswa kubakia safi."

"Papa, mama yangu aliuzishaka hapa kabla barabara ifike," mama akamjibu.

"Iko amri," polisi akasema, akavisukuma vyungu kwa kiatu. Vikabingirika mpaka mtaroni, vikapasuka. Kikabaki kimoja.

Mke wa mkubwa wa ofisi akatoka, akakiinua, akakizungusha mikononi kwa upole. Akasema kitu kwa Kifaransa, na mpishi wake aliyemfuata akatufasiria: "Madamu anasema hii iko kazi ya wazee, haipaswe kupotea. Ataichunga ndani ya nyumba."

Mama akaushika mkono wangu, akauinua, udongo ukiwa bado kwenye kucha. "Umuambie, kazi ya wazee iko hapa."

Mpishi akamfungulia madamu mlango aingie na chungu. Hakufasiri.

Kesho yake mama alikwenda kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, na hakuchimba udongo tena. Mimi nilikuwa nimejua kukanda udongo tu. Alikuwa ameniahidi kwamba baada ya mavuno ya maharagwe angenionyesha namna ya kuinua shingo ya chungu.