Kofia ya Mitch

Niliondoka Tanga kwenda Durban kumshukuru mtu aitwaye Mitch. Ndivyo tulivyoamini nyumbani. Mdogo wangu Saidi alikuwa baharia, na barua yake ya mwisho ilisema meli yao inapakia ndizi pwani ya Amerika ya Kati. Baada ya hapo, kimya. Mwishoni mwa mwaka tisini na nane niliitwa kwenye simu ya dukani kwa jirani. Alikuwa Mama Furaha, Mkongo mwenye saluni kule Durban, ambaye Saidi alipanga chumba kwake kila meli ilipompumzisha. Sauti yake ilikuja na kupotea. Nilishika maneno machache tu: "Saidi, Mitch ilimubeba." Simu ikakatika.

Mama hakuelewa. "Mitch alimbeba?"

"Amesema 'ilimubeba'."

Tukacheka. "Wakongo hao," mama akasema. "Kwao mtu iko, sufuria iko, yote sawasawa."

Kwetu mtu akibebwa amepata wa kumwinua. Basi Saidi amepata mzungu mwema, tukasema, labda nahodha. Tangu siku hiyo mama hakuinuka kwenye mswala bila kumwombea Mitch. Akamdarizia kofia nyeupe, akaikunja kwenye leso. Miezi ikapita bila barua nyingine, na furaha yake ikaanza kuingiwa na wasiwasi. "Nenda kamwone mwanangu," akaniambia. "Na huyo Mitch umvishe mwenyewe." Mimi tangu ujana kukaa mahali pamoja kunanichosha upesi. Sikungoja kuambiwa tena.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda treni ya Zambia. Mbeya nilishuka kunyoosha miguu, nikasimama kwenye jukwaa lile lile ambapo mimi na Saidi tuliwahi kuuza mahindi ya kuchoma, nilipohamia huko zamani, yeye akiwa bado anaogopa honi ya treni. Sikujua kwamba mtu anaweza kulikumbuka jukwaa la saruji kwa uchungu namna ile.

Mpakani mwa Afrika Kusini, ng'ambo ya Limpopo, askari wa forodha aliufungua mfuko wangu na kuitoa ile kofia.

"Ya nani?"

"Ya Mitch."

Akaijaribu kichwani, wenzake wakacheka, akairudisha kwa adabu. "Sharp," akasema, yaani safi, akagonga muhuri.

Durban niliingia asubuhi, jasho likinitoka kabla sijatembea. Harufu ya bahari ilikuwa ya nyumbani, ila imechanganyika na moshi wa viwanda. Nilichukua teksi ya kwenda Isipingo. Kwenye kituo, kati ya wauza nyanya na wauza mikanda, nikauliza saluni ya Mama Furaha. Muuza kadi za simu akanielekeza: pita robot, yaani taa za barabarani, kata kushoto, mlango wa bluu.

Nilimkuta Mama Furaha, mwanamke mnene wa makamo, akimsuka msichana mmoja Mkenya, mwanafunzi wa chuo. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Nilipojitambulisha aliacha kusuka, akavua viatu, akakaa chini sakafuni.

"Pole sana, kaka ya Saidi," akasema. "Pole kwa mama. Mulilia namna gani kule?"

Nilidhani ni salamu ya kwao. "Mama hajambo," nikajibu. "Nimekuja kumwona Mitch. Mama amemletea zawadi." Nikaifungua leso.

Akaitazama kofia, akanitazama mimi.

"Nilikuambiaka kwa telefone," akasema polepole. "Nilisema Mitch ilimubeba. Mulielewa nini?"

Msichana Mkenya ndiye aliyenionea huruma. "Mzee," akasema, "Mitch si mtu. Ni kimbunga. Ilikuwa kwa magazeti yote, ile mafuriko ya Honduras."

Nilikuwa nimezisikia redioni habari za mafuriko hayo. Jina la kimbunga sikulikamata. Nakumbuka nilianza kuikunja ile leso, nikakosea, nikaikunja tena. Mama Furaha akaninyang'anya taratibu, akaniketisha kando yake.

Jioni alikuja Kasongo, baharia mwenzake Saidi. Alikuwa ameacha bahari, anafanya kazi kiwandani, mtaa wa Jacobs. Alikaa nasi sakafuni, akanisimulia.

Meli yao ilitoka bandarini kuukimbia upepo, kama meli zifanyavyo. Saidi aliachwa nchi kavu na homa, kwa mama mmoja muuza mikate, karibu na mlango wa mto. Upepo haukuwa mbaya kupita kiasi pale, ndiyo maana watu walijipa moyo. Lakini kimbunga kilisimama kwenye pwani ile, hakiendi mbele wala nyuma, kikamwaga maji tu. Milima ikashuka matope. Mto ukaenda kukutana na bahari katikati ya mji.

"Wazee ya kule wanazijua pepo kama hizi," Kasongo akasema. "Wanahesabu miaka na zile pepo. Huyu alizaliwa mbele ya Fifi, yule alizikwa nyuma ya Fifi."

"Fifi?" Mama Furaha akauliza. "Ile si jina ya kasichana?"

"Njo jina ya upepo. Iliua watu mingi, zamani ya miaka ya sabini. Wazungu wanaipa pepo majina ya watu, juu isisahaulike."

"Na Saidi?" nikauliza.

"Alimubeba mama muzee wa ile nyumba, mama ya muuza mikate, akamupandisha juu ya paa. Muuza mikate alikuwa tayari huko, aliona kwa macho yake, njo alitusimulia meli iliporudi. Alors, Saidi akarudi chini kutafuta viatu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Viatu, kaka. Ni mimi nilimuuziaka. Nilimusifia vile viatu mpaka akanunua."

"Kaburi lipo?"

"Iko shimo moja kubwa kando ya barabara. Hawakuandika majina. Upepo iko na jina. Watu hapana."

Jumapili majirani Wakongo walijaa salunini, wakasogeza viti, wakatandika mkeka. Waliimba nyimbo za kanisa kwa ajili ya Mwislamu wa Tanga, nami nikasoma Fatiha katikati yao. Kwetu tungebishana kama inafaa. Pale niliona inafaa. Wakati wa kuaga nilimpa Kasongo ile kofia. Akaikataa.

"Rudisha kwa mama," akasema. "Mitch haina kichwa."

Njia ya kurudi ilikuwa ile ile, na sikumbuki mengi. Mbeya sikushuka. Nilichojifunza ni kidogo: mgeni akitamka lugha yako kwa namna yake, usiharakishe kumsahihisha. Mama Furaha alisema kweli yote kwa neno moja, na sisi tukalicheka.

Tanga nilifika wakati wa alasiri. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Alinitazama usoni, kisha mkononi, akaiona leso na kofia ndani yake. Hakuniuliza juu ya Saidi.

"Haikumtosha?" akasema.

"Hakuna mtu, mama. Mitch ni kimbunga."

Akaweka ungo chini. Vidole vyake viliendelea kusogea kwa muda, kana kwamba bado vinatafuta mawe.

"Nami nilikuwa naiombea," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejifunza kutamka: "Ilimubeba."